Mkate wa Walithuania na ukoo wake usiothibitishwa

Mgeni kutoka Mombasa au Tanga akiingia katika duka la vyakula mjini Riga, nchini Latvia, ataona kwenye rafu ya mikate neno moja likijirudia juu ya karatasi za kufungia: maize. Akiwa anajua Kiingereza, macho yake yatasoma mahindi. Akilitamka kwa Kiswahili, ma-i-ze, atakuwa amekaribia sana matamshi ya wenyeji. Lakini ndani ya karatasi hamna mahindi. Mna mkate mweusi, mzito, wenye uchachu kidogo, uliookwa kwa unga wa nafaka iitwayo rai, kwa sababu kwa Kilatvia maize ni mkate, na mahindi huitwa kukurūza. Neno la Kiingereza lilitoka visiwa vya Karibi, kwa watu wa Taino, likapita kwa Wahispania baada ya safari ya Columbus ya 1492. Neno la Kilatvia ni la kurithi, lina sauti za kurithi, na halina uhusiano wowote na hilo jingine.

Mgeni huyo akivuka mpaka kuingia Lithuania, nchi ya jirani yenye lugha ya ukoo uleule, atakuta mkate uleule mweusi ukiitwa duona. Na kama angeweza kurudi nyuma hadi karne ya 16 na kuwatembelea Waprusi wa Kale, ambao lugha yao ilizimika mwanzoni mwa karne ya 18, angewasikia wakisema geits. Hizi ni lugha tatu za ukoo wa Kibaltiki ambazo hufanana kwa mengi: moyo ni širdis kwa Kilithuania na sirds kwa Kilatvia, ardhi ni žemė na zeme, mkono ni ranka na roka. Kwenye chakula cha kila siku, hata hivyo, kila moja ilishika njia yake.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni Sala ya Bwana, kwa kuwa vitabu vya mwanzo vilivyochapishwa kwa lugha hizi vilikuwa katekisimu, yaani vitabu vya kufundishia imani. Kitabu cha kwanza kilichochapishwa kwa Kilithuania ni katekisimu ya Martynas Mažvydas, iliyotoka Königsberg mwaka 1547. Katekisimu za Kiprusi cha Kale zilitangulia mwaka 1545, na nyingine ikafuata mwaka 1561. Pale ambapo Wakristo wetu husema “utupe leo mkate wetu wa kila siku”, na wengine “utupe leo riziki yetu”, Mlithuania husema duonos duok, Mlatvia husema maizi dod, na Mprusi alisema geitien dais. Ukiyatazama mafungu haya matatu kwa makini utaona kwamba kitenzi cha kutoa ni kimoja kwa wote, kikiwa na d yake mwanzoni, ilhali nomino ya mkate ni tofauti katika kila lugha. Naomba msomaji auweke ushahidi huu mdogo akilini, kwa kuwa nitaurudia.

Hoja yangu inahusu duona zaidi ya yale mengine mawili. Ni neno ambalo mtoto wa Kilithuania hulijua kabla hajajua kuhesabu, na pia ni neno ambalo husimuliwa asili yake kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi unavyoruhusu. Wapo wanaosema kwamba limetokana na duoti, kutoa, kwa kuwa mkate ni kile alichotoa Mungu. Wapo wanaosema kwamba ni ndugu wa neno dhānāḥ, nafaka, la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Na wapo wengi ambao husema yote mawili kwa pumzi moja, bila kutambua kwamba maelezo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni methali. Walithuania husema: Dievas davė dantis, duos ir duonos, yaani Mungu alitoa meno, atatoa na mkate. Ni methali ya mtu aliyepata mtoto wakati ghala ni tupu, na sisi katika hali hiyo tungesema Mungu hamtupi mja wake. Wanaisimu linganishi waliipenda kwa sababu nyingine. Waliiweka kando ya sentensi ya Kisanskriti, Devas adadāt datas, devas dāsyati dhānās, na hapo maneno yakajipanga kama watoto wa shule mstarini: dievas na devas kwa Mungu, dantis na datas kwa meno, duos na dāsyati kwa atatoa, na mwishoni duonos na dhānās. Ukiongeza Kilatini, Deus dedit dentes, Deus dabit et panem, msafara unakwenda sawa hadi neno la mwisho, ambapo panis inatoka nje ya mstari.

Ni onyesho zuri, na sina shaka kwamba limewavuta vijana wengi kuingia katika isimu. Lakini yapo mambo mawili ambayo onyesho hilo huyafunika. Kwanza, sentensi ya Kisanskriti haikuchukuliwa kutoka katika Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu. Ilitungwa na wasomi, kwa maneno ya kweli ya lugha hiyo, ili isimame kando ya ile ya Kilithuania. Methali ni ya Walithuania peke yao katika jozi hiyo. Pili, dhānāḥ haikuwa mkate. Ilikuwa punje za nafaka, hasa zilizokaangwa, kitu kilicho karibu zaidi na bisi kuliko boflo. Kutoka punje hadi mkate kuna hatua, hatua inayowezekana kabisa, ila ni hatua ya kuthibitishwa, na sentensi ile huiruka kwa kumtafsiria msomaji maneno yote mawili kana kwamba yana maana moja.

Hamu ya kuamini onyesho kama hilo naielewa. August Schleicher, mwanaisimu Mjerumani, alipofika Lithuania ya Prusi, sehemu ya Walithuania iliyokuwa chini ya ufalme wa Prusi, mwaka 1852 kujifunza lugha kwa wanavijiji wenyewe, na kuchapisha sarufi yake mwaka 1856, alikuwa anawaambia Wazungu wenzake kwamba wakulima waliodharauliwa walikuwa wamehifadhi miundo ya kale kuliko mabwana waliowatawala. Muda mfupi baadaye, kuanzia 1864 hadi 1904, dola ya Urusi ilipiga marufuku uchapishaji wa vitabu vya Kilithuania kwa herufi za Kilatini, na watu walivuka mpaka usiku wakiwa wamebeba vitabu migongoni. Kwa taifa lililopitia hayo, udugu na Kisanskriti haukuwa mchezo wa wasomi. Ulikuwa hati ya kuzaliwa. Neno la mkate likiwemo katika hati hiyo, nani angetaka kulifuta?

Sasa turudi kwenye sauti, kwa sababu ndiko kesi inakoamuliwa. Lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, ambayo wanaisimu huijenga upya kwa kulinganisha mabinti zake, ilikuwa na d ya kawaida na dh yenye pumzi, ambayo si ile ya dhahabu bali ni d inayofuatwa na pumzi. Kisanskriti kilizitenga: kutoa kina d, katika dadāti, na kuweka kina dh, katika dadhāti. Lugha za Kibaltiki ziliziunganisha zikawa d moja. Ndiyo maana kwa Kilithuania kutoa ni duoti na kuweka ni dėti, na masikio peke yake hayawezi kukuambia kwamba zamani herufi hizo mbili za mwanzo zilikuwa sauti tofauti. Kiajemi nacho kiliziunganisha vivyo hivyo.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili karibu naye. Wapo wasemaji ambao hawatofautishi l na r, kwao kula na kura hutamkwa sawa. Tuseme Waswahili wote wangekuwa hivyo, na maandishi yote ya zamani yamepotea. Mtaalamu wa miaka elfu ijayo akikuta “kula” maana yake uchaguzi, angeweza kuandika ukurasa mzima wa kuvutia kuhusu wapiga kura waliolishwa pilau, na hakuna kitu ndani ya Kiswahili chenyewe ambacho kingemkanusha. Angekanushwa na Kiarabu tu, ambako neno hilo lina r yake. Duona iko katika hali hiyo hasa. Ndani ya Kilithuania, kulitoa kwenye duoti hakukanushwi na sauti yoyote: d inakubali, na uo inakubali. Lakini ukishasema kwamba duona ni ndugu wa dhānāḥ, umekubali kwamba d yake ilikuwa dh, na ukishakubali hivyo umekifunga kabisa kitenzi cha kutoa, kwa kuwa hicho kilikuwa na d isiyo na pumzi. Mtu anayezitumia hoja zote mbili anaukata mti aliokalia.

Nikilazimika kuchagua kati ya mbili hizo, nachagua Kisanskriti. Dhānāḥ haiko peke yake. Kiajemi kina dāna, punje au mbegu. Katika Avesta, maandiko ya kale ya Wazoroasta, sisimizi hupewa sifa yenye neno hilohilo ndani yake, mbeba-nafaka, taswira ambayo kila aliyeanika mtama uani anaifahamu. Mbali zaidi, kwenye bonde la Tarim magharibi mwa China, maandishi ya Kitokaria yaliyofukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, lugha iliyokwisha kufa miaka elfu moja hivi iliyopita, yana neno tāno kwa punje ya nafaka. Matawi matatu yaliyotengana kwa umbali kama huo, yenye maana zinazokaribiana na sauti zinazolingana kwa kanuni, ni mashahidi ambao hakimu makini hawafukuzi mahakamani. Kinyume chake, maelezo ya duoti yana shahidi mmoja tu, ambaye ni mlio. Na hapa ndipo narudi kwenye Sala ya Bwana: mlio huo wa duonos duok upo kwa Walithuania pekee. Mlatvia anayesema maizi dod na Mprusi aliyesema geitien dais walikuwa na kitenzi hichohicho, imani hiyohiyo na shukrani hiyohiyo mbele ya chakula, wala hawakuona haja ya kuuita mkate kitu kilichotolewa.

Hata hivyo kumchagua shahidi bora si kumaliza kesi. Tukikubali kwamba duona, dhānāḥ, dāna na tāno ni ndugu, bado tunaulizwa baba yao ni nani, na hapo wanaisimu wanatawanyika. Baadhi huuelekea mzizi wa kuweka, ule wa dėti, wakifikiria kitu kilichowekwa akiba. Wengine huelekea mzizi wenye sura kama hiyo uliomaanisha kunyonya, ambao kwa Kilatvia umezaa dēls, mwana, na kwa hiyo punje inakuwa kile kinacholisha. Kwa upande wa sauti mizizi yote miwili inawezekana, ila kila mmoja unadai kwamba irabu ilibadilishwa daraja, kwa sababu dėti ina ė na duona ina uo. Mabadiliko ya namna hiyo ni ya kawaida katika lugha hizi. Lakini kila unapoongeza “inawezekana” juu ya “inawezekana” nyingine, hakika inapungua, na nadhani kamusi inayoandika mzizi mmoja pale bila alama ya kuuliza inamkopesha msomaji kitu ambacho mwandishi mwenyewe hana.

Kilatvia kinaongeza ushahidi wake hapa, na pamoja nao mtego kwa Mtanzania. Katika lugha hiyo kuna neno dona, kipande cha mwisho cha mkate, kile chenye ganda ambacho watoto hugombania au hukikimbia kutegemea na meno yao. Wenzetu waliokula ugali wa dona tangu utotoni watashtuka: nafaka isiyokobolewa huku, ganda la mkate kule! Lakini katika maneno ya asili ya Kilatvia herufi o husomwa uo, kwa hiyo dona hutamkwa duona, sawasawa na jina la mkate wa Lithuania. Mfanano na unga wetu uko kwenye karatasi tu, na unayeyuka mtu anapofungua mdomo. Udugu wa dona ya Kilatvia na duona ya Kilithuania, kwa upande mwingine, unasimama imara, na unatuambia jambo la maana: Walatvia nao walikuwa na neno hili, wakalisukuma pembeni mwa mkate, na nafasi ya katikati ikachukuliwa na maize.

Na hilo maize je? Jaribio linalomjia mtu haraka ni kulihusisha na maisīt, kuchanganya au kukoroga, kwa kuwa mkate huanza kwa kukanda. Mantiki ni tamu, ila sauti zinakataa. Kwa kanuni, s ya Kilatvia katika maneno ya namna hii hukutana na š ya Kilithuania: sirds na širdis, moyo, simts na šimtas, mia. Z hukutana na ž: zeme na žemė, ardhi, ziema na žiema, majira ya baridi. Maisīt ina s, na mwenzake wa Kilithuania, maišyti, ana š. Maize ina z, kwa hiyo ndugu yake lazima atafutwe upande wa ž, na huko yupo miežis, shayiri, ambayo kwa Kilatvia ni miezis. Wengi huishia hapo, kwamba mkate wa Kilatvia ulikuwa kwanza chakula cha shayiri, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Tatizo ni kwamba tumeusogeza ukuta hatua moja tu, kwa kuwa shayiri yenyewe, nje ya lugha za Kibaltiki, haina ndugu anayekubaliwa na wote.

Kanuni hizi za sauti zisionekane ngeni kwetu. Kiswahili kilidondosha l mahali ambapo Kizulu kimeihifadhi: mvua na imvula, njaa na indlala, kuzaa na zala. Hatuhitaji hata kwenda Afrika Kusini kuitafuta, kwa sababu inajitokeza tunaposema kuzaliwa. Mtu akikuletea neno la Kiswahili na la Kizulu akadai ni ndugu, swali la kwanza ni kama l zao zinakaa panapotakiwa, na uzuri wa hadithi yake unakuja baadaye sana. Nakumbuka hili kila ninaposikia kwamba mkate umeitwa hivyo kwa kuwa hukatwa. Sauti hazizuii, kama zisivyozuia duona kutoka kwenye duoti. Lakini kutozuiwa ni kitu kimoja na kuthibitishwa ni kingine, na anayedai udugu huo ana kazi ya kutuonyesha lugha nyingine za Kibantu zinasemaje.

Katika majina yote matatu, lile la lugha iliyokufa ndilo lenye asili inayoeleweka vizuri zaidi. Geits ya Kiprusi hulinganishwa na žito, nafaka, ya lugha za Kislavoni, yaani Kirusi na jamaa zake, inayohusiana na kitenzi cha kuishi. Mkate ni uhai. Maana hii haihitaji kulazimishwa, kwa sababu watu wengine wameifikia kwa njia yao: neno la Kiarabu la maisha, aish, ni mkate kwa Mmisri na ni wali kwa watu wa Ghuba, kama Waswahili wanaoishi huko wanavyolisikia kila siku mezani, na nafaka yetu wenyewe ilitoka kwa Kiarabu ikimaanisha matumizi ya kumkimu mtu. Sauti zinalingana, maana ina mifano, na ndugu wa Kislavoni yupo hai. Hivyo ndivyo etimolojia nzuri, yaani maelezo ya asili ya neno, inavyokuwa, na ndiyo kipimo ambacho duona bado haijakifikia, pamoja na mapenzi yote ambayo Walithuania wanayo kwa mkate, wao ambao kipande kikianguka sakafuni hukiokota na kukibusu.

Kitakachoweza kuisogeza kesi mbele kinajulikana. Ziko lugha ambazo hazikuunganisha d na dh: Kigiriki, ambako dh iligeuka th; Kilatini, ambako mwanzoni mwa neno ilikuwa f; na lugha za ukoo wa Kijerumani, kama Kiingereza, ambako dh ilibaki d na d ya zamani ikawa t. Katika matawi hayo matatu hajapatikana ndugu wa duona anayekubaliwa. Likipatikana neno la nafaka au la mkate katika mojawapo, lenye irabu na n zinazolingana, herufi yake ya kwanza itatosha. Ikiwa th kwa Mgiriki, au f kwa Mlatini, ukoo wa dhānāḥ utakuwa umepata shahidi wa nne, na mzizi wa kuweka au wa kunyonya utakuwa na sababu ya kuzungumzwa upya. Ikiwa d kwa wote wawili, au t katika lugha za Kijerumani, itabidi Kisanskriti kiondolewe kwenye ile sentensi ya meno na mkate, na duoti irudishwe mezani.